Betri za stoo kwanza, barua pepe baadaye

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari ya serikali wilayani Newala na mlezi wa klabu ya mazingira. Wanafunzi wangu wamesoma kwamba kila barua pepe, kila picha na kila video tunayotuma inachafua hali ya hewa. Sasa wanataka kuanzisha kampeni ya kufuta: barua pepe za zamani, picha, mpaka makundi ya WhatsApp. Je, kampeni hiyo itapunguza kweli uchafuzi wa kidijitali? Pili, stoo yetu ina betri nne kubwa za sola zilizokufa, kompyuta za zamani zenye skrini za kichogo, na boksi la simu na chaja mbovu ambazo wanafunzi wamezikusanya majumbani. Mnunuzi wa skrepa anayetokea Masasi anazitaka betri. Tatu, kuna mfadhili anayetaka kutuletea kompyuta thelathini zilizokwisha kutumika Ulaya. Tuzipokee?

Jibu:

Mwalimu, nitaanza na betri ingawa umeziweka katikati ya swali lako, kwa sababu katika yote uliyoyataja ni hizo zinazoweza kumdhuru mtoto wiki hii. Hata kabla hujamaliza kusoma hapa, waambie wanafunzi wasiziguse, na huyo mnunuzi asubiri kwanza.

Betri nzito ya sola, ile inayofanana na ya gari, zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi. Kilichobaki ni tindikali, ile tunayoiita maji ya betri, na ganda la plastiki. Ikiwa nzima, imesimama wima na haivuji, haimdhuru mtu. Balaa huanza inapopasuliwa, na hupasuliwa kwa sababu risasi ina wateja. Inayeyuka upesi, hata kwenye jiko la mkaa, na ukiimimina inashika umbo lolote. Huku pwani yetu, kuanzia Msimbati hadi Kilwa, mvuvi anahitaji chubwi za nyavu na mishipi yake, na betri iliyokufa ni risasi isiyo na gharama. Anayeyeyusha huifanyia kazi hiyo uani. Tindikali anaimwaga mchangani, vibao vya ndani anavitia kwenye sufuria au kopo, na watoto wako hapohapo wakitazama. Vumbi na moshi vinatua kwenye mikeka, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye vyombo vya kulia.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo akimeza kiasi kilekile alichomeza mtu mzima, mwili wake hufyonza mara nne hadi tano zaidi. Risasi huenda kwenye ubongo unaokua: umakini unapungua, uwezo wa kujifunza unashuka, damu nayo inapungua. Kwa mama mjamzito hupita hadi kwa mtoto aliye tumboni. Na mara nyingi haina dalili ya kuonekana kwa macho. Wewe mwalimu utamwona mtoto hashiki somo, utamwita mzembe, na chanzo kipo kwenye mchanga wa uani kwao.

Jirani zetu wa Mombasa wameyapitia haya. Katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwekwa ubavuni mwa nyumba za watu, na watu waliumwa. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na kesi ikaendelea hadi Mahakama ya Juu. Hakuna hukumu inayoweza kuitoa risasi kwenye mifupa ya mtoto.

Kwenu Newala kuna sababu ya ziada ya kuwa mkali. Juu ya uwanda wa Makonde maji ni ya shida tangu enzi za wazee wetu, na nyumba nyingi hukinga mvua kwenye bati na kuihifadhi kwenye visima vya saruji vilivyochimbwa uani. Moshi wa risasi hutua juu ya bati lilelile. Moshi wa nyaya pia: vijana wanaochoma nyaya ili wapate shaba wanachoma plastiki ambayo, ikiungua kwa moto mdogo wa jalalani, hutoa sumu ziitwazo dioksini, na hizo hudumu miaka mingi kwenye udongo na kwenye mafuta ya wanyama. Mvua ya kwanza ya Novemba au Desemba huosha bati, na kilichokuwa juu ya bati kinaingia kisimani. Kwa hiyo mtu anayechoma nyaya nyuma ya nyumba yake anaweza kuwa anachafua maji ya kunywa ya jirani yake wa upande ule upepo unakoelekea.

Hivi ndivyo ningefanya na betri zako nne. Zihamishwe na mtu mzima aliyevaa glavu nene za mpira na miwani, zikiwa wima, wala zisilazwe. Ziwekwe kwenye chumba kinachopitisha hewa, juu ya sakafu ya saruji, ndani ya beseni kubwa la plastiki na siyo la chuma. Vichwa vyake vifunikwe kwa utepe wa umeme ili visigusane na kitu chochote cha chuma. Ukiona tindikali imevuja, nyunyizia magadi mpaka povu likome, ndipo usafishe. Kisha funga mlango.

Kuhusu mnunuzi wa skrepa, simlaumu kwa kutafuta riziki, na ukweli ni kwamba betri ya risasi ni miongoni mwa vitu vinavyorejelezwa vizuri kuliko karibu kila kitu kingine, mradi ifike kwenye kiwanda chenye vifaa vyake. Swali la kumuuliza ni moja: kibali kiko wapi? Betri hizo na mabaki ya elektroniki ni taka hatarishi, na chini ya kanuni za mwaka 2021 zilizotungwa kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, anayezikusanya, kuzisafirisha au kuzihifadhi kibiashara anatakiwa awe na kibali. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lina ofisi ya Kanda ya Kusini hapo Mtwara mjini. Wao ndio watakaokuambia nani ana kibali na nani hana. Na kuna alama moja ya kumjulia mtu, nakuomba uishike: mnunuzi wa kweli anaichukua betri ikiwa na maji yake ndani. Akikuambia umwage kwanza maji ya betri ili uzito upungue, au akitaka kuyamwaga yeye hapohapo shuleni, usimpe hata moja.

Tena hizo ni mali ya shule ya serikali. Haziuzwi kwa mazungumzo ya getini hata kama zimekufa. Mali ya umma ina utaratibu wake wa kuondolewa, na unapitia kwa mkuu wa shule hadi ofisi ya mkurugenzi wa halmashauri. Andikeni barua, mtaje idadi na aina ya kila kifaa, na mseme wazi kwamba ni taka hatarishi. Barua ya aina hiyo ina uzito kuliko ile inayosema tu "vifaa vibovu".

Skrini za kichogo zina risasi pia, imo ndani ya kioo chenyewe. Zikiwa nzima, hazina neno. Kitu cha kukataza ni kuzivunja ili kutoa waya wa shaba ulio nyuma. Kwenye boksi la simu, toa zote zilizovimba betri. Betri ya lithiamu iliyovimba ikitobolewa au kukandamizwa inaweza kuwaka moto usiozimika kirahisi. Ziweke kwenye kopo la chuma lenye mchanga mkavu, mbali na jua na mbali na karatasi za mitihani. Na kwa sasa klabu isikusanye tena simu majumbani. Nia yao ni njema sana, lakini kukusanya bila kujua mtapeleka wapi kunahamisha hatari kutoka nyumba hamsini na kuirundika kwenye stoo moja iliyo jirani na madarasa.

Sasa kampeni ya kufuta. Wanafunzi wako wana msingi wa kweli. Barua pepe na picha zetu hukaa kwenye vituo vya data, majengo yaliyojaa kompyuta zinazowaka usiku na mchana na kupozwa kwa umeme na maji. Shirika la Kimataifa la Nishati linakadiria kwamba mwaka 2024 vituo hivyo vilitumia takribani terawati-saa 415 za umeme (terawati-saa moja ni uniti bilioni moja), asilimia 1.5 hivi ya umeme wote wa dunia, na kwamba ifikapo 2030 vinaweza kufikia 945, akili mnemba ikiwa msukumo mkubwa. Hiyo ni hesabu nzuri ya kuwapa darasani. Bwawa la Nyerere kule Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115. Mitambo yake yote ikizunguka kwa nguvu zote saa 24, mwaka mzima bila kupumzika, itatoa terawati-saa 18.5. Wagawe wenyewe 415 kwa 18.5 waone ni mabwawa mangapi.

Lakini ukishuka kutoka dunia nzima hadi kwenye akaunti ya mwanafunzi mmoja wa Newala, mambo yanageuka. Barua pepe iliyolala kwenye kituo cha data inakula umeme mdogo mno. Mwanafunzi akikaa saa mbili akizipitia barua elfu moja ili azifute, skrini inawaka, mtandao unafanya kazi, mnara unafanya kazi, na huenda akatumia umeme mwingi kuliko aliouokoa. Takwimu nyingi za kutisha zinazozunguka mitandaoni kuhusu jambo hili hazijapimwa vizuri. Mfano unaojulikana ni wa mwaka 2019, pale taasisi ya Ufaransa iitwayo The Shift Project ilipotoa hesabu iliyosambaa dunia nzima kwamba nusu saa ya kutazama video mtandaoni hutoa kilo 1.6 za hewa ukaa. Baadaye wenyewe waliirekebisha: biti zilichanganywa na baiti, na kwa kuwa baiti moja ni biti nane, hesabu ikawa imezidi mara nane. Mwaka 2020 George Kamiya wa Shirika la Kimataifa la Nishati aliipiga upya akapata gramu 36 hivi kwa saa nzima, na karibu robo tatu ya hizo zilitokana na kifaa anachotazamia mtu, siyo kituo cha data. Televisheni ya inchi 50 hutumia umeme kama mara mia moja ya simu.

Kwa hiyo geuzeni macho, myatoe kwenye ujumbe myaweke kwenye kifaa. Simu janja ya kawaida, kwa ripoti za watengenezaji wenyewe, husababisha kilo 50 hadi 80 za hewa ukaa katika maisha yake yote, na asilimia kama 80 ya hizo zimeshatoka kabla hujaifungua kwenye boksi lake. Zimetoka migodini, kwenye viwanda vya chipu, kwenye ndege na meli. Linganisha na kuichaji. Betri ya miliampea-saa 5,000 inabeba kama wati-saa 19; ongeza umeme unaopotea kwenye chaja, sema 25. Ukichaji kila siku mwaka mzima, hazifiki uniti kumi za LUKU. Hata umeme huo ungekuwa wote wa gesi ya Mnazi Bay, ungetoa kilo nne au tano za hewa ukaa kwa mwaka. Maana yake ni kwamba kuitengeneza simu moja ni sawa na kuichaji kwa miaka kumi au zaidi. Mtu anayebadili simu kila baada ya miaka miwili, hata akifuta barua pepe zake zote, hajagusa sehemu kubwa ya uchafuzi wake.

Na sisi wa kusini tuna haki ya kulijua hili kuliko wengi. Ruangwa, huko mkoani Lindi, pana madini ya kinywe, yaani grafiti, yanayounda upande mmoja wa karibu kila betri ya lithiamu. Kobalti ya upande wa pili, zaidi ya nusu ya ile inayochimbwa duniani hutoka kwa majirani zetu wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ardhi inayochimbwa ili simu ipatikane ni ya Waafrika wenzetu, na simu ikifa inarudi kufukiwa kwenye ardhi hiyohiyo. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Barani Afrika haikufika hata asilimia moja.

Hapa ndipo kufuta kunapopata maana yake, na ndiyo sababu sikuambii uizuie kampeni. Simu nyingi zinazoletwa kwa fundi zikiitwa mbovu hazina ubovu wowote; zimejaa. Nafasi ikikaribia kwisha simu inakuwa nzito, programu zinajifunga, masasisho ya usalama yanakataa kuingia, na mwenye simu anasema imezeeka. Kilichoijaza ni video za harusi, mahubiri, vichekesho na salamu za asubuhi zilizoingia zenyewe kutoka kwenye makundi. Video moja ikitumwa kwenye kundi la watu 200, inaweza kushuka kwenye simu 200, ikala bando 200 na kukaa kwenye hifadhi 200. Basi wafundisheni watu kwenda kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, wazime kupakua picha na video kiotomatiki. Hapohapo kuna sehemu inayoonyesha kundi gani limekula nafasi kiasi gani, na waanze kufuta kuanzia faili kubwa. Kazi ya dakika kumi inaweza kuiongezea simu mwaka mmoja, na bando nalo linapona. Wakumbusheni pia kwamba nakala za akiba za WhatsApp kwa watumiaji wa Android siku hizi zinahesabiwa ndani ya gigabaiti 15 za bure za Google, ndiyo maana wengi wanashangaa barua pepe zao zimegoma kupokea. Watu watafuta kwa moyo wakijua wanaokoa simu yao na pesa yao. Ukiwaambia wanaokoa barafu ya ncha ya dunia watafuta siku moja tu.

Kuna mengine yanayoua simu na kompyuta zetu huku ambayo ushauri ulioandikwa Ulaya hauyataji. Chumvi ya bahari ni moja. Mikindani, Lindi mjini, Kilwa Masoko, hewa ya pwani inakula sehemu ya kuchajia na bodi ya ndani. Simu ya mtu wa pwani isafishwe tundu lake kwa mswaki mkavu laini, na kifuniko chake kisihifadhi jasho. Joto ni la pili. Betri ya lithiamu inachoka upesi ikikaa kwenye joto, kwa hiyo simu isichajiwe chini ya mto wala kuachwa dirishani kwenye jua la mchana, na ikiwezekana ikae kati ya asilimia 20 na 80 badala ya kujazwa pomoni na kukaushwa kila siku. La tatu, na kwa maoni yangu ndilo kubwa kwa shule, ni umeme kupanda na kushuka. Umeme ukirudi kwa kishindo baada ya kukatika, ndipo pawasaplai, kile kisanduku kinacholisha kompyuta umeme, na bodi zinapoungua. Stabilaiza moja nzuri kwenye chumba cha kompyuta, na desturi ya kuchomoa kila kitu umeme ukikatika, vinaokoa vifaa vingi kuliko semina yoyote.

Halafu kuna msimu wa korosho. Minada ikianza Oktoba na malipo yakiingia, maduka ya simu ya Newala, Tandahimba na Masasi yanachangamka. Simkatazi mkulima kujifurahisha kwa jasho lake. Namshauri afanye mambo mawili kabla ya kulipa. Kwanza aulize kwa fundi anayemwamini: simu niliyo nayo nikiibadilishia betri, si itarudi? Betri ya simu hupungua nguvu kwa kuonekana baada ya kuchajiwa kama mara 500 au zaidi kidogo, na simu isiyomaliza nusu siku mara nyingi inadai betri mpya tu, siyo simu mpya. Pili, kama ananunua kweli, abonyeze *#06# na kutuma namba itakayotokea kwenda 15090, huduma ya Mamlaka ya Mawasiliano, apate kujua kama simu ni halisi. Mnakumbuka Juni 2016 simu feki zilivyozimwa nchi nzima kwa usiku mmoja. Kila iliyozimwa iliishia mahali fulani, na wengi wetu hatukuuliza ni wapi.

Fundi simu wa pale sokoni, Mwalimu, ni mtu wa mazingira kuliko wengi wanaojiita hivyo. Mwalikeni kwenye klabu. Awafundishe wanafunzi kubadilisha sehemu ya kuchajia, kusafisha spika, kujua betri iliyovimba. Na nyie mtamfundisha yeye kutotupa betri jalalani na kutochoma mabaki. Mabadilishano hayo yatawafaa wote wawili, kwa sababu karibu kila simu ya Newala inapita mikononi mwake kabla ya kufa.

Kama wanafunzi wanataka kazi ya utafiti ya kweli, waulize kila mmoja kwao nyumbani: hii simu ina miaka mingapi, iliyotangulia iliachwa kwa sababu gani, na sasa iko wapi? Kwa madarasa mawili tu mtapata taarifa ambazo halmashauri yenu inazihitaji, na ziambatanishwe na ile barua kwa mkurugenzi.

Mwisho, kompyuta thelathini. Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama, na kompyuta nyingi za miaka ya nyuma hazikubali Windows 11. Kwa hiyo kuna mashine nyingi zinazotafutiwa pa kwenda. Nyingine bado ni nzima kabisa: ukiitoa diski ya kuzunguka ukaweka SSD, ile diski isiyozunguka, ukaongeza kumbukumbu, na badala ya Windows ukaweka Linux Mint au Ubuntu, mifumo ya kuendesha kompyuta ambayo ni ya bure, itafundishia wanafunzi miaka mingine kadhaa. Programu ya LibreOffice inafungua na kuhifadhi mafaili ya Word na Excel, na mwanafunzi anayejua hiyo hatapotea akikutana na nyingine. Hata zile za stoo zenye vichogo, mtaalamu wa TEHAMA wa wilaya azikague kabla hazijaandikiwa kuondolewa. Huenda boksi la kompyuta lenyewe linafaa ingawa skrini haifai.

Lakini nyingine ni takataka zilizofungwa vizuri. Tangu 1 Januari 2025, chini ya Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa kudhibiti taka zinazovushwa mipaka, taka zote za elektroniki, hata zisizo hatarishi, hazivuki mpaka bila nchi inayozipokea kuarifiwa na kuridhia. Kompyuta nzima inayokuja kutumika ni jambo jingine, ndiyo maana mzigo wa mabovu hupenda kuitwa msaada. Mwandikie mfadhili kwa adabu umwombe orodha: aina, mwaka wa kutengenezwa, ukubwa wa kumbukumbu, aina ya diski, na matokeo ya kupimwa kwa kila mashine kabla ya kusafirishwa. Uliza kama ni za mezani au kompyuta mpakato. Kompyuta ya mezani pamoja na skrini yake inaweza kula wati 100 hadi 150. Thelathini zikiwashwa pamoja ni kilowati tatu hadi nne na nusu, na sola ya shule yenu haitaziweza, LUKU nayo mtaihisi. Kompyuta mpakato inakula chini ya nusu ya hapo, na umeme ukikatika katikati ya kipindi somo linaendelea.

Kisha muulize swali ambalo wafadhili wengi hawajawahi kuulizwa: zikifa, nani atagharamia kuzifikisha kwa mrejelezaji mwenye kibali? Aweke kiasi fulani kwa ajili hiyo kwenye bajeti yake sasa, kiandikwe kwenye makubaliano na kipitie halmashauri. Akisema bajeti haitoshi kwa thelathini na kwa hilo, mwombe kumi, mpakato, zilizopimwa, pamoja na nauli ya kuzifikisha kwa mrejelezaji zikifa.